Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Kuchagua Mahali na Wadhamini wa Mikutano ya Kitaalamu katika Ukanda wa Dhahabu

Utangulizi

Mgonjwa mwenye umri wa miaka thelathini na kitu anafika kliniki akikohoa. Amekwisha kumaliza dawa za kifua kikuu za miezi 6, makohozi yake hayaoneshi tena vimelea, lakini pumzi haimtoshi hata kupanda kilima kifupi. Akiulizwa kazi yake, hujibu kwamba kwa miaka kumi amekuwa akishuka duarani na kusaga mawe kwenye karasha. Wagonjwa wa namna hii wanafahamika kwa kila mhudumu aliyefanya kazi katika maeneo ya uchimbaji. Mapafu yao yamejadiliwa kwenye mikutano mingi ya kitaalamu, ya kitaifa na ya kimataifa. Wao wenyewe, aghalabu, hawajui kwamba mikutano hiyo ilifanyika.

Somo hili linahusu jambo linaloonekana kuwa la kiutawala tu: mkutano wa kitaalamu ufanyike wapi, na nani alipie gharama zake. Wengi huliacha jambo hili kwa makarani na maofisa ugavi. Hata hivyo, historia ya magonjwa ya migodini inaonesha kwamba mahali pa mkutano huamua nani atakayekuwamo ukumbini, na mdhamini huweza kuamua ni swali gani litakaloulizwa. Mambo hayo mawili yakikosewa, mapendekezo ya kitabibu hupotoka hata pale ambapo hakuna aliyesema uongo.

Baada ya kulisoma somo hili, mhudumu wa afya ataweza kupima uzuri na upungufu wa mahali panapopendekezwa kwa mkutano, kutambua mgongano wa maslahi katika udhamini, na kuandaa masharti ya kupokea fedha bila kuuza ajenda. Mgonjwa au mchimbaji anayealikwa mkutanoni ataweza kufahamu haki zake kabla hajakubali mwaliko.

Magonjwa yanayohusika

Mikoa ya Shinyanga na Geita ni kitovu cha uchimbaji wa madini nchini Tanzania. Almasi ya Mwadui, wilayani Kishapu, iligunduliwa mwaka 1940. Mgodi mkubwa wa dhahabu wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu, upande wa Kahama, mwaka 2001. Pembeni ya migodi hiyo mikubwa wapo wachimbaji wadogo katika maeneo kama Nyarugusu, Lwamgasa na Mgusu. Wanaume kwa wanawake hutegemea maduara, makarasha na mialo ya kuchenjulia dhahabu kwa riziki yao.

Hatari mbili za kiafya ndizo zinazozungumzwa zaidi. Ya kwanza ni vumbi la silika, linalotoka kwenye mawe yanayochorongwa na kusagwa. Chembe zake ndogo hufika ndani kabisa ya mapafu, zikasababisha makovu yasiyofutika. Ugonjwa huo huitwa silikosisi. Silikosisi haina dawa ya kuiponya, nayo humwongezea mgonjwa uwezekano wa kupata kifua kikuu hata baada ya kuacha kazi ya mgodi. Aidha, tangu mwaka 1997 silika imeorodheshwa na taasisi ya kimataifa ya utafiti wa saratani miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu.

Hatari ya pili ni zebaki. Mchimbaji huichanganya na mchanga wa dhahabu ili ipatikane donge, kisha hulichoma donge hilo zebaki iondoke na dhahabu ibaki. Mvuke unaotoka hauonekani wala haunuki, na takribani asilimia 80 ya mvuke unaovutwa huingia mwilini kupitia mapafu. Huathiri ubongo, neva na figo, na hupita kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto aliye tumboni. Donge likichomewa jikoni au uani, anayevuta mvuke si mchomaji peke yake.

Kwa magonjwa haya yote mawili, kinga yake haipatikani hospitalini. Hupatikana mahali pa kazi, yaani katika maji yanayomwagiwa mawe ili kuzima vumbi, katika chombo cha kunasia mvuke, na katika utaratibu wa malipo na saa za kazi. Mkutano unaotaka kuleta kinga hauwezi basi kuwa wa madaktari pekee.

Funzo la Johannesburg, 1930

Mkutano wa kwanza mkubwa wa kimataifa kuhusu silikosisi ulifanyika Johannesburg, Afrika Kusini, Agosti 1930. Uliitishwa na Shirika la Kazi Duniani, na gharama zake zilibebwa na Chama cha Migodi cha Transvaal, yaani umoja wa wenye migodi ya dhahabu. Mahali palionekana kufaa kuliko pote duniani. Hapakuwa na mji mwingine wenye migodi mingi ya dhahabu, maabara, kumbukumbu za uchunguzi wa afya na madaktari waliobobea katika ugonjwa huo kama Johannesburg.

Faida za mkutano huo hazina budi kukubaliwa. Wajumbe walikubaliana kwamba silikosisi ni ugonjwa unaojitegemea, unaotokana na kuvuta vumbi la silika, na wakaweka lugha ya pamoja ya kuueleza. Makubaliano hayo yalisaidia kufungua njia ya mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1934, ulioiingiza silikosisi katika orodha ya magonjwa ya kazini yanayostahili fidia.

Lakini maarifa yaliyowekwa mezani yalitoka kwa kiasi kikubwa kwenye uchunguzi uliosimamiwa na wenye migodi na dola iliyowategemea. Wachimbaji weusi, ambao ndio waliokuwa wengi chini ya ardhi, walikuwa vibarua wa mkataba kutoka vijijini na nchi jirani kama Lesotho na Msumbiji. Aliyeugua alirudishwa kwao, na huko alikufa bila kuhesabiwa. Ukumbini wachimbaji hao hawakuwa na mwakilishi. Hivyo swali moja kubwa halikupata nafasi yake: je, mchimbaji anayerudi kijijini huugua kwa kiasi gani miaka mingi baada ya kuacha kazi?

Swali hilo lilijibiwa baadaye sana. Uchunguzi uliofanyika miaka ya 1990 miongoni mwa wachimbaji wa zamani katika vijiji vya Botswana na Afrika Kusini ulikuta zaidi ya mmoja kati ya watano wakiwa na silikosisi. Mwaka 2019 mahakama ya Johannesburg iliidhinisha makubaliano ya fidia ya takribani rand bilioni 5 kati ya kampuni za dhahabu na wachimbaji waliougua pamoja na familia zao. Kutoka mkutano ule hadi fidia hiyo ni miaka 89.

Funzo la Johannesburg lina sura mbili. Kwanza, kuwa karibu na mgodi hakutoshi. Mkutano unaweza kufanyika hatua chache kutoka kwenye shimo na bado mchimbaji akawa mbali nao. Pili, mdhamini hahitaji kumwamuru mtaalamu aseme uongo. Inatosha yeye kuwa ndiye mwenye takwimu, mwenye ukumbi na mwenye mialiko. Maswali yasiyompendeza hujikuta yamekosa wa kuyauliza.

Mahali huamua nani atafika

Yapo matukio mengine yanayothibitisha uzito wa kuchagua mahali. Mkutano wa Kimataifa wa Ukimwi wa mwaka 1992 ulipangwa kufanyika Boston, Marekani. Kwa kuwa sheria za Marekani wakati huo ziliwazuia watu wanaoishi na VVU kuingia nchini humo, mkutano ulihamishiwa Amsterdam, Uholanzi. Waandaaji waliona kwamba haiwezekani kujadili ugonjwa huku wenye ugonjwa wakizuiliwa mpakani. Mkutano huo haukurudi Marekani hadi mwaka 2012, baada ya zuio kuondolewa.

Mwaka 2000 mkutano huohuo ulifanyika Durban, mara ya kwanza katika nchi inayoendelea. Wajumbe kutoka nchi tajiri walikutana ana kwa ana na wagonjwa waliokuwa wakifa kwa kukosa dawa ambazo kwingineko zilikuwa zikitumika tayari. Mjadala kuhusu bei ya dawa za kufubaza VVU ulipata msukumo mpya. Kwa upande mwingine, mwaka 2022 mkutano ulipofanyika Montreal, Kanada, wajumbe wengi kutoka Afrika walikosa viza, na kilio chao kilisikika duniani kote.

Katika suala la zebaki, mataifa yalijadiliana kwa awamu katika miji ya Stockholm, Chiba, Nairobi, Punta del Este na Geneva kati ya mwaka 2010 na 2013. Mkataba ulipokuwa tayari, haukutiwa saini Geneva. Ulipelekwa Kumamoto, Japani, Oktoba 2013, na kabla ya kutiwa saini wajumbe walifika Minamata, mji ambao watu wake walitiwa sumu na zebaki ya kiwandani iliyoingia katika samaki. Mkataba ukapewa jina la mji huo. Kila anayeutaja leo huwataja wagonjwa wake, hata asipokusudia.

Mkataba wa Minamata ulianza kutumika Agosti 2017, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Unazitaka nchi zenye uchimbaji mdogo wa kiwango kikubwa ziandae mpango wa taifa wenye mkakati wa afya ya jamii na njia za kuwashirikisha wadau. Unazitaka pia zichukue hatua za kukomesha uchomaji wa donge hadharani na katika makazi ya watu. Kanuni hizi ziliandikwa kwa lugha za kidiplomasia. Anayepaswa kuzitekeleza ni mama anayeosha mchanga mwaloni. Umbali kati ya hao wawili ndio unaopaswa kupunguzwa na mikutano ya kitaalamu.

Geita na Shinyanga kama mahali pa mkutano

Tanzania ina uzoefu mrefu wa kupokea wageni wa mikutano. Arusha ina kituo cha mikutano cha kimataifa tangu miaka ya 1970, na Dar es Salaam ina kituo kinachobeba jina la Mwalimu Julius Nyerere. Ukumbi, wakalimani, hoteli na ndege hupatikana huko kwa urahisi. Kwa mkutano wa kulinganisha mbinu za maabara au kusoma picha za eksirei, miji hiyo inafaa, wala hakuna sababu ya kuikwepa.

Mkutano unaokusudia kutoa mapendekezo kuhusu kazi na maisha ya wachimbaji ni jambo tofauti. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mtaalamu aliyeona karasha likifanya kazi bila maji hatapendekeza barakoa pekee, kwa maana atakuwa ameona jinsi barakoa inavyolowa jasho na kuziba vumbi kabla ya saa sita mchana. Atauliza maji yanatoka wapi, nani anayalipia, na kwa nini mwenye karasha hupendelea kusaga mawe makavu.

Ukanda huu pia ni wa kimataifa kwa asili yake. Uchimbaji mdogo wa dhahabu uko Migori nchini Kenya, Busia na Mubende nchini Uganda, na katika majimbo ya mashariki ya Kongo. Wachimbaji na wahudumu wa afya wa maeneo hayo wanaweza kufika Geita kwa basi kupitia Sirari au Mutukula. Wanaotoka ng'ambo hutua Mwanza, na tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi limeondoa foleni ya kivuko iliyokuwa ikikwamisha safari. Zaidi ya hayo, Kiswahili huwaunganisha wengi wao. Mkutano unaoendeshwa kwa Kiswahili, huku wageni wachache wakitafsiriwa, humgeuza mchimbaji kuwa msemaji na mgeni kuwa msikilizaji. Wazee wa vijijini wakihitaji mkalimani wa Kisukuma, naye aandaliwe mapema kama wakalimani wengine.

Vikwazo navyo vipo na visifichwe. Umeme na intaneti huhitaji mpango wa akiba. Vyumba vya kulala vyaweza kutotosha kwa mkutano mkubwa. Kumbi nzuri zaidi zinaweza kuwa ndani ya uzio wa mgodi, ambako mgeni hukaguliwa langoni na jina lake kuandikwa. Mchimbaji aliyewahi kugombana na walinzi wa mgodi hataingia humo. Ukumbi wa halmashauri huonekana kuwa wa watu wote, lakini mchimbaji asiye na leseni anaweza kuogopa kuzungumza mbele ya maofisa waliokaa safu ya kwanza. Hakuna ukumbi usioegemea upande wowote kwa kila mtu. Waandaaji wanapaswa kuuliza: usioegemea upande kwa nani? Mara nyingi jibu ni kugawa mkutano: vikao vya wazi katika ukumbi wa chuo au hospitali, na vikao vya kusikiliza katika shule au nyumba ya ibada iliyo jirani na mwalo, bila viongozi wala kamera.

Liko jambo la kitabibu ambalo waandaaji husahau. Mkutano unaowakusanya watu wenye magonjwa ya kifua ni lazima uzingatie udhibiti wa maambukizi. Ukumbi wa hoteli uliofungwa madirisha ili kiyoyozi kifanye kazi ni hatari kuliko darasa lenye madirisha makubwa pande mbili. Washiriki wenye dalili za kifua kikuu wapimwe na waanze matibabu kabla, wala wasiletwe ukumbini ili waonekane. Gharama kubwa, katika hili, si dalili ya ubora.

Mdhamini na fedha zake

Mikutano hugharimu fedha, na fedha hutoka mahali fulani. Katika ukanda wa dhahabu, wadhamini wanaoweza kujitokeza ni wa namna nne: kampuni za migodi, wauzaji wa vifaa na dawa, kuanzia mashine za eksirei hadi barakoa na vifaa vya kuchenjulia, mashirika ya kimataifa na wafadhili wa miradi, na serikali pamoja na vyuo.

Kila mmoja ana maslahi yake, wala maslahi si dhambi. Kampuni ya mgodi inaweza kupendelea mjadala uwe juu ya zebaki ya wachimbaji wadogo kuliko vumbi la mgodi mkubwa. Muuzaji wa barakoa atapendelea kinga ivaliwe usoni kuliko kuzima vumbi kwa maji. Mfadhili wa mradi hutaka viashiria vya mradi wake vionekane vimefikiwa. Serikali, kwa upande wake, yaweza kupendelea mapendekezo yasiyohitaji bajeti mpya.

Kuzikataa fedha zote za migodi kunaonekana kuwa usafi wa dhamiri, lakini kuna gharama zake. Geita kuna mfano unaojulikana wa fedha za mgodi kutumika katika afya: changamoto ya kupanda Mlima Kilimanjaro, inayoendeshwa tangu mwaka 2002 na mgodi wa dhahabu wa Geita, ambayo huchangisha fedha za mapambano dhidi ya VVU na Ukimwi kwa ushirikiano na tume ya taifa inayohusika. Isitoshe, wahandisi wa migodi mikubwa wana maarifa ya kuchoronga kwa maji na ya kupitisha hewa chini ya ardhi ambayo madaktari hawana. Kuwafungia mlango ni kupoteza maarifa hayo. Wakaribishwe kama washiriki. Jambo la kuepuka ni kuwakabidhi ajenda.

Sheria ya nchi nayo inatoa mwanga. Tangu marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017, mwenye leseni anatakiwa kuandaa kila mwaka mpango wa wajibu wake kwa jamii na kukubaliana na mamlaka ya serikali za mitaa. Maana yake ni kwamba mchango huo ni wajibu wa kisheria. Mkutano wa afya ukiingizwa katika mpango huo, fedha hupitia utaratibu wa wazi, na waandaaji hawabaki na deni la shukrani kwa mtu yeyote.

Taasisi za kimataifa zimekwisha kuweka mipaka. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipitisha mfumo wa kuongoza mahusiano yake na asasi zisizo za kiserikali na kampuni, na viwanda vya tumbaku na silaha haviruhusiwi kabisa kuingia katika mahusiano hayo. Mwaka huohuo Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipokea mwongozo unaosema kwamba kampuni za vyakula vya watoto wachanga zisidhamini mikutano ya wataalamu wa afya. Viwanda vya dawa vyenyewe, kupitia shirikisho lao la kimataifa, vilijiwekea kanuni zilizoanza kutumika mwaka 2019 zinazokataza zawadi kwa wataalamu wa afya, na vinataka mikutano ifanyike mahali pa kazi badala ya mahali pa anasa.

Kutokana na hayo, masharti saba yafuatayo yanaweza kuwekwa katika barua ya makubaliano na kila mdhamini:

1. Ajenda na wasemaji huchaguliwa na kamati ya kitaalamu ambayo mdhamini si mjumbe wake.

2. Fedha huingia katika fungu la pamoja, wala hazifungwi kwenye kikao au msemaji fulani.

3. Mdhamini mmoja asibebe sehemu kubwa kiasi kwamba akijitoa mkutano unakufa.

4. Majina ya wadhamini wote na viwango walivyotoa hutangazwa siku ya ufunguzi, na kila msemaji hueleza mahusiano yake ya kifedha.

5. Posho na nauli hulipwa na waandaaji kwa viwango vilivyotangazwa. Mdhamini hagawi bahasha.

6. Mdhamini akitaka kuzungumza, hupewa kikao chenye jina lake, na maswali huruhusiwa.

7. Matokeo na mapendekezo huchapishwa bila kuhitaji kibali cha mdhamini.

Sharti la saba ndilo kipimo. Mdhamini anayekubali sita na kulikataa hilo amekwisha kueleza alichokuja kununua.

Zoezi la mfano

Chukua mfano wa kubuni. Kamati inaandaa mkutano wa siku tatu kuhusu vumbi na kifua kikuu katika uchimbaji mdogo, kwa wataalamu wa nchi nne. Imepata mapendekezo mawili. La kwanza ni hoteli ya kitalii kando ya bahari, inayolipiwa yote na muuzaji wa vifaa vya kinga, ambaye anaomba kikao cha ufunguzi. La pili ni chuo kimoja mjini Geita, ambako fedha zilizopo zinatosha theluthi mbili tu ya bajeti.

Kamati isianze na swali la fedha. Ianze na lengo: mkutano utatoa nini, na nani atakitekeleza? Ikiwa jibu ni mwongozo wa kupunguza vumbi kwenye makarasha, basi wenye makarasha, wasagaji, wahudumu wa zahanati na maofisa wa usalama mahali pa kazi hawana budi kuwamo. Swali la pili ni nani kati yao atashindwa kufika kila mahali. Msagaji hulipwa kwa mgao wa viroba; siku tatu za kukaa pwani ni siku tatu bila chakula nyumbani, pamoja na hatari ya kukuta nafasi yake imechukuliwa. Swali la tatu ni ajenda gani itakayopungua nguvu mbele ya mdhamini. Ufunguzi unaotolewa na muuzaji wa barakoa hutangulia kuwaambia washiriki kwamba jibu ni barakoa.

Katika mfano huu, kamati inaweza kuchagua Geita, kupunguza siku kutoka tatu hadi mbili, kuwapokea baadhi ya wageni kwa njia ya mtandao, na kumwalika muuzaji yule achangie fungu la pamoja na kuonesha vifaa vyake katika kikao chenye jina lake. Akikataa, mkutano utakuwa mdogo zaidi, lakini wanaohusika bado watakuwamo. Gharama za kweli za chaguo hili ni kwamba baadhi ya wabobezi wa nje hawatakuja, na picha za mkutano hazitapendeza sana. Kamati ikubali hasara hizo mapema na kuziandika.

Haki za mgonjwa anayealikwa

Mgonjwa au mchimbaji akialikwa kwenye mkutano, ana haki ya kuuliza na kujibiwa mambo yafuatayo kabla hajakubali. Nani amelipia mkutano? Nitalipwa nauli, chakula na fidia ya siku za kazi nitakazopoteza, na lini? Je, nitazungumza, au nitaoneshwa tu? Picha yangu itapigwa, na itatumika wapi? Mwajiri wangu atajua kwamba ninaumwa?

Swali la mwisho si dogo. Mchimbaji anayetambulika kuwa na ugonjwa wa mapafu anaweza kukosa kazi kesho yake. Ushuhuda wake basi uwe wa hiari. Jina lake lihifadhiwe akitaka. Na akikataa, huduma yake ya hospitali isipungue. Mgonjwa asipandishwe jukwaani ili kuutia mkutano huruma. Akipanda, apande kwa sababu analo jambo ambalo wataalamu hawalijui.

Liko pia suala la mrejesho. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Lwamgasa ilikuwa miongoni mwa maeneo ya mradi wa kimataifa wa zebaki uliohusisha nchi sita, na wakazi wake walitoa damu, mkojo na nywele kwa uchunguzi. Kwa kila utafiti wa namna hiyo, popote ulipofanyika, swali la haki ni hili: matokeo yalisomwa wapi kwanza? Utaratibu unaofaa ni yasomwe kwanza kwa waliotoa sampuli, kwa lugha yao, kisha ndipo yapelekwe ng'ambo.

Hitimisho

Methali ya Waswahili, mgeni njoo mwenyeji apone, husemwa mara nyingi kwa furaha ya kumpokea mgeni. Kwa mikutano ya afya, ichukuliwe kama sharti. Mgeni amekuja: je, mwenyeji amepona kwa lipi? Kama baada ya mkutano makarasha yanasaga kwa maji, donge halichomwi tena jikoni, na mgonjwa wa kifua anaulizwa kazi yake tangu siku ya kwanza anapofika zahanati, basi mahali na mdhamini vilichaguliwa vyema. Kama kilichobaki ni mifuko ya nembo na picha ya pamoja, kamati inayofuata ianzie hapo.

Maswali ya kujipima

1. Taja swali moja la kitabibu ambalo halikupata nafasi Johannesburg mwaka 1930, na ueleze lilivyohusiana na mahali pa mkutano na mdhamini wake.

2. Katika eneo lako la kazi, ni ukumbi gani ambao mchimbaji asiye na leseni angethubutu kuingia na kusema? Kwa nini?

3. Kituo chako kimeahidiwa fedha za mkutano kwa sharti kwamba ripoti ipitiwe kwanza na mtoaji. Andika jibu la barua isiyozidi mistari kumi.

4. Jadiliana na mgonjwa mmoja, kwa hiari yake, kuhusu mwaliko wa mkutano: angependa kuulizwa nini, na asingependa kuulizwa nini mbele ya watu?